Nuru Inayolisha Matumbawe

Tumbawe ni mnyama, lakini ni mnyama anayeishi kwa jua. Ndani ya nyama yake kuna mwani mdogo usioonekana bila hadubini, uitwao zoozanthela, na katika sentimita moja tu ya mraba ya tumbawe lenye afya chembe za mwani huo huhesabika kwa milioni. Mwani hupokea nuru, hutengeneza sukari, na sehemu kubwa ya sukari hiyo humwendea mnyama anayeuhifadhi. Kwa matumbawe mengi ya maji ya kina kifupi, chakula cha njia hii kinaweza kufika asilimia 90 ya nguvu zote zinazohitajika. Kinachobaki hunaswa usiku kwa mikono midogo ya polipu, vile viumbe vidogo vinavyounda tumbawe, kutoka katika vidudu vinavyoelea majini.

Kwa sababu hiyo, anayefuga matumbawe ndani ya tangi la kioo hawezi kuihesabu taa kuwa pambo la sebule. Taa ndiyo chakula. Samaki wa baharini wanaweza kuishi miaka mingi chini ya taa yoyote, hata kwa mwanga wa dirishani tu. Tumbawe halina uvumilivu huo. Likinyimwa nuru huanza kugeuka kahawia, kwa kuwa mwani huongezeka ndani yake ili usipoteze hata chembe ya mwanga unaofika. Kisha hudhoofu, ukuaji husimama, na baada ya wiki au miezi nyama hubanduka na kuacha kiunzi cheupe. Likizidishiwa nuru, madhara huja haraka zaidi: mwani hulemewa, hutoa aina za oksijeni zinazounguza chembe hai, na tumbawe huufukuza. Huko ndiko kupauka, hali ile ile iliyoikumba miamba ya Kenya na Tanzania mwaka 1998, bahari ilipopata joto kupita kiasi. Baharini joto na nuru husaidiana kuleta hasara hiyo. Ndani ya tangi, taa kali iliyofungwa bila kipimo inatosha peke yake.

Wanunuzi wengi hukosea tangu dukani, kwa sababu huchagua kwa macho. Jicho la binadamu huona vizuri zaidi rangi iliyo kati ya kijani na manjano, karibu na wimbi la nanomita 555. Mwani wa tumbawe una mahitaji mengine kabisa. Klorofili yake na rangi saidizi zilizomo hufyonza zaidi urujuani na buluu, kati ya nanomita 400 na 500 hivi, pamoja na kiasi cha nyekundu karibu na nanomita 675. Taa inayong'aa sana kwa mtu inaweza kuwa na chakula kidogo kwa tumbawe, na taa ya buluu inayoonekana hafifu ikawa na nguvu ya kuunguza. Ndiyo maana kipimo cha laksi, ambacho kimetengenezwa kufuata jicho la binadamu, hakifai hapa. Vivyo hivyo wati: wati hueleza umeme unaoliwa na taa, hazielezi nuru inayoufikia mwamba.

Bahari yenyewe ndiyo iliyoyazoeza matumbawe rangi ya buluu. Maji humeza nyekundu kwanza. Katika mita chache za juu sehemu kubwa ya rangi hiyo imekwisha, na ikifika mita 10 imebaki kidogo sana. Manjano hufuata. Buluu ndiyo inayosafiri mbali kuliko zote. Mzamiaji anayeshuka kwenye ukuta wa mwamba wa Mnemba au wa Mafia, nchini Tanzania, akiwa amevaa kitu chekundu hukiona kikigeuka cha kijivu kadiri anavyozidi kwenda chini, ingawa kitu chenyewe hakijabadilika. Matumbawe ya huko yamejijenga kwa nuru hiyo iliyochujwa. Tangi la nyumbani halina kina cha kuchuja chochote, kwa hiyo kazi hiyo inafanywa na taa: inapaswa kutoa buluu nyingi, nyeupe ya kiasi, na nyekundu na kijani kidogo tu.

Watengenezaji hutaja rangi ya taa kwa kelvini. Mwanga wa mchana unakadiriwa kuwa kelvini 6,500. Taa ya kelvini 10,000 ni nyeupe kali, ya 14,000 ina ubuluu unaoonekana wazi, na ya 20,000 ni buluu nzito. Wafugaji wengi hutulia kati ya 14,000 na 20,000, na ni chaguo zuri. Lakini namba hiyo hueleza sura ya mwanga tu, wala haisemi nuru ni nyingi kiasi gani. Tena taa mbili za kelvini sawa zinaweza kuwa na mchanganyiko tofauti wa mawimbi ndani yake. Anayetaka kujua zaidi aangalie mchoro wa mawimbi wa taa, ambao mtengenezaji makini huutoa pamoja na bidhaa. Asiyeutoa anamwachia mnunuzi abahatishe.

Hapa panahitajika tahadhari moja kuhusu urembo. Matumbawe mengi yana protini zinazomeremeta: hupokea buluu na kuirudisha kama kijani, chungwa au nyekundu. Chini ya buluu tupu tumbawe la kawaida huwaka kama taa yenyewe, na wauzaji wanalijua hilo vizuri. Tumbawe lililonunuliwa chini ya buluu nzito linaweza kuonekana la kahawia likifikishwa nyumbani chini ya taa nyeupe, na mnunuzi akadhani linaumwa. Ni haki ya kila mnunuzi kuomba aonyeshwe tumbawe chini ya mwanga mweupe kabla hajatoa pesa.

Kipimo kinachohusika kweli ni kile kinachoitwa PAR. Huhesabu chembe za nuru zilizo kati ya nanomita 400 na 700, zile zinazoweza kutumika katika usanisinuru, zinazoangukia mita moja ya mraba kwa sekunde moja. Idadi hiyo hutajwa kwa maikromoli. Jua la adhuhuri katika nchi za joto hutoa karibu maikromoli 2,000 juu ya uso wa bahari. Mita chache chini ya maji, juu ya mwamba, hubaki mamia kadhaa, na kukiwa shwari zinaweza kuvuka 1,000 kwa muda. Tangi halihitaji kufika huko. Matumbawe laini, yale yasiyojenga mwamba, pamoja na yale bapa yanayofanana na uyoga, huridhika na maikromoli 50 hadi 100. Matumbawe magumu yenye polipu kubwa, kama jenasi ya Euphyllia, hustawi kwenye 75 hadi 150. Yale ya polipu ndogo, Acropora na jamaa zake wenye matawi, hutaka 200 hadi 350.

Kwa nini yasipewe zaidi, ikiwa baharini yanapata zaidi? Kwa sababu mwani hufika mahali ukashiba. Nuru ikiongezeka kutoka sifuri, usanisinuru huongezeka nayo. Kisha ongezeko hilo hukoma. Kwa matumbawe mengi yaliyozoea tangi, hali hiyo huanzia mahali fulani kati ya maikromoli 200 na 400. Kila maikromoli inayozidi hapo haileti sukari, na tumbawe hulazimika kutumia nguvu kuikwepa. Baharini mawingu, mawimbi, kujaa na kupwa kwa maji hulipumzisha tumbawe kila mara, na mlo wa vidudu ni mwingi. Ndani ya tangi taa haifunikwi na wingu, chakula majini ni haba, na madini ya kujengea kiunzi hupungua haraka kadiri nuru inavyoongezeka. Tangi lenye nuru kali na chumvichumvi chache za naitreti na fosfeti hupauka wakati mwenye nalo akishangaa, kwa kuwa kila kitabu kilimwambia maji yake ni safi kabisa.

Mita ya PAR ni ghali kwa mtu mmoja, lakini wafugaji huweza kuazimana, na maduka mengine ya samaki huikodisha. Inafaa ikatafutwa kabla ya kununua taa ya pili. Iwe ni ile inayoweza kuzamishwa majini, na iwe imerekebishwa kwa ajili ya taa za LED, maana baadhi ya mita za zamani husoma pungufu kwenye buluu na urujuani, ndiko hasa taa hizi zinakotoa nguvu nyingi. Vipimo vichukuliwe sehemu nyingi: juu ya jiwe, pembeni, mchangani, chini ya matawi. Tofauti kati ya katikati ya tangi na kona inaweza kuwa mara tatu au nne, na tofauti hiyo ndiyo ramani ya kupandia matumbawe.

Taa zenyewe zina historia inayosaidia kuzichagua. Jijini Jakarta, Lee Chin Eng alikuwa akifuga matumbawe kwa mawe hai, mapovu ya hewa na jua la kawaida, na mwaka 1961 alieleza mbinu yake katika jarida la Kimarekani la wafugaji wa samaki. Wasomaji wa Ulaya na Amerika walipoiga walishindwa, na sababu moja kubwa ilikuwa jua. Jakarta iko digrii 6 kusini mwa ikweta na mchana wake haubadiliki sana mwaka mzima. London katikati ya majira ya baridi haipati hata saa 8 za mchana, na jua hilo limelala chini. Waikiki Aquarium ya Hawaii na hifadhi kubwa ya matumbawe ya Townsville, Australia, iliyofunguliwa mwaka 1987, zilifaulu kwa kuwa ziliacha anga wazi juu ya matangi. Kwa walio mbali na tropiki ilibidi jua litengenezwe.

Wafugaji wa Ujerumani walilipata jua hilo katika taa za metali halaidi, zile zilizozoeleka viwanjani na kwenye maghala makubwa, za wati 150, 250 au 400. Zilifanya kazi, na kwa Acropora bado wako wanaozisifu. Mwanga wake hutoka sehemu moja ndogo, hupenya mpaka chini, na kuchora juu ya mchanga ile mistari inayocheza ambayo kila aliyewahi kupiga mbizi anaikumbuka. Tatizo ni joto. Tangi la matumbawe linapaswa kukaa kati ya nyuzi 25 na 27 hivi, na taa hizi hulipandisha juu ya hapo bila shida, hasa katika mji ambao chumba chenyewe tayari kina nyuzi 30. Mashine ya kupoza maji inakuwa lazima, na umeme unalipwa mara mbili: wa kupasha na wa kupoza. Taa moja ya wati 400 ikiwaka saa 9 hula uniti 3.6 kwa siku. Tena zile zenye vishikizo pande mbili haziruhusiwi kuwaka bila kioo cha kuzuia miale ya urujuanimno, kwa usalama wa matumbawe na wa macho ya watu.

Taa za tyubu za T5 zilipunguza baadhi ya matatizo hayo. Tyubu hizi ni nyembamba, milimita 16 tu, na zile za nguvu kubwa zina wati 24, 39 au 54 kulingana na urefu. Uzuri wake ni usawa. Mwanga hutoka kwenye mstari mzima, huzunguka tawi na kufika hata sehemu ambazo taa ya nukta moja huziacha gizani. Kila tyubu ikiwa na kiakisi chake, tangi zima hupata nuru inayokaribiana. Lakini hazitoi ile mistari inayocheza, haziwezi kupunguzwa kidogo kidogo kama LED isipokuwa kwa vifaa maalumu, na baada ya miezi 9 hadi 12 huwa zimepungua nguvu na kubadilika rangi, hata kama zinawaka vizuri machoni.

LED ndizo zilizoshinda soko, na ushindi huo ulitokana na buluu. LED nyekundu zilikuwapo tangu miaka ya 1960, lakini buluu yenye nguvu ilisumbua wanasayansi kwa miongo mitatu, mpaka Shuji Nakamura wa Japani alipoitangaza mwaka 1993. Yeye pamoja na Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Tumbawe likawa limepata taa inayotoa hasa rangi linayoitaka. LED za wati 150 zikiwaka saa 10 hula uniti 1.5, joto lake huondolewa kwa feni upande wa juu badala ya kushuka majini, na kila rangi hupandishwa au kushushwa peke yake. Anayeanza leo hana sababu kubwa ya kutafuta kitu kingine, mradi akumbuke udhaifu wake: mwanga wa LED ni wa nukta, unaweza kuwa mkali mno katikati na dhaifu pembeni, na huacha kivuli kizito chini ya matawi. Lenzi nyembamba hulizidisha hilo. Dawa yake ni kutumia taa mbili au tatu za wastani zilizotawanyika badala ya moja kali, au kuongeza tyubu chache za T5 kandoni.

Chukuliwe mfano wa tangi la urefu wa sentimita 120, upana 60 na kimo 60, lenye ujazo wa lita 432 kabla ya mawe. Taa moja ya LED kwa kawaida hutosheleza eneo la sentimita 60 kwa 60, kwa hiyo tangi hili linahitaji mbili, zikining'inia sentimita 20 hadi 30 juu ya maji kulingana na lenzi. Lengo liwe maikromoli 80 hadi 120 mchangani, 150 hadi 200 katikati ya mwamba, na 250 hadi 350 kileleni. Hapo matumbawe laini na Euphyllia yatapata makazi chini, na Acropora juu, kama ambavyo mwamba wa kweli unavyogawana nuru. Kwa anayeanza, hata hivyo, ni heri aache kilele kitupu mwaka wa kwanza. Matumbawe magumu yote yamo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES wa kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na yanayotolewa baharini ni hasara ya mwamba fulani ulio mahali fulani. Kipande kilichokuzwa ndani ya tangi la mfugaji mwingine ni chaguo lenye heshima zaidi, na tena kimeshazoea taa.

Kuzoea ndiko kunakoponza wengi. Tumbawe jipya, au taa mpya juu ya matumbawe ya zamani, huanzia chini. LED iwekwe kwenye theluthi moja hadi nusu ya nguvu inayokusudiwa, kisha ipandishwe kidogo kila wiki kwa wiki nne hadi sita. Tumbawe jipya liwekwe mchangani kwanza, ndipo lipandishwe ngazi kwa ngazi. Pale taa isipoweza kupunguzwa, neti ya dirisha moja au mbili juu ya tangi, zinazoondolewa baadaye moja moja, hufanya kazi hiyo hiyo.

Muda wa kuwasha uwe wa saa 10 mpaka 12, kwa taima, kila siku vile vile. Mfano mzuri ni kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 2 usiku, saa ya kwanza na ya mwisho zikiwa za kupanda na kushuka taratibu. Kuna wanaojaribu kufidia taa dhaifu kwa kuiwasha muda mrefu. Hesabu inaonekana kukubali, kwa kuwa maikromoli 100 kwa saa 20 ni jumla sawa na 200 kwa saa 10. Mnyama hakubali. Giza ni sehemu ya maisha yake: ndipo anapokunjua mikono ya kunasa chakula, na ndipo mwani unapojirekebisha.

Usiku una uzito mwingine pia, na hili limethibitishwa kwa taa. Matumbawe mengi huzaliana kwa kumwaga mayai na mbegu majini kwa pamoja, yakifuata msimu, machweo na mwandamo wa mwezi. Kwenye miamba mikubwa ya Australia jambo hilo hutokea kwa wingi katika usiku wa siku chache baada ya mwezi mpevu. Mombasa, karibu na ikweta, ambako tofauti ya mchana mrefu na mfupi haizidi sana nusu saa kwa mwaka, watafiti walikuta aina mbalimbali zikizaliana kwa kupishana katika miezi kadhaa. Kwa muda mrefu iliaminika kuwa tukio hilo haliwezi kuongozwa ndani ya tangi lililofungwa. Jamie Craggs na wenzake katika jumba la makumbusho la Horniman, London, waliamua kuiga kila kitu: urefu wa mchana wa kila siku ya mwaka, joto la maji la kila msimu, na mwezi unaochomoza, kujaa na kuzama kwa saa zake. Acropora zao zilimwaga mayai katika wakati uliotarajiwa, na mwaka 2017 walichapisha maelezo kamili ya namna ya kulijenga tangi hilo. Miaka miwili baadaye, kwa ushirikiano nao, Florida Aquarium ilifaulu kwa tumbawe la nguzo la Karibi, ambalo baharini lilikuwa likitoweka.

Mfugaji wa nyumbani hahitaji kufika huko, lakini anaweza kuchukua jambo moja: usiku wa tangi uwe usiku. Taa za buluu za kuiga mwezi zinazowaka kwa nguvu hadi asubuhi humfurahisha mtazamaji na kulichanganya tumbawe. Kama lazima ziwepo, ziwe hafifu mno na ziwe na siku za kuzimwa kabisa.

Umeme juu ya maji ya chumvi hauna mzaha. Waya wa kila kifaa ushuke chini ya soketi kisha upande, ili tone litakaloteleza lidondoke chini kabla ya kufika kwenye soketi, na mfumo wote upitie swichi inayokata umeme mara tu unapovuja. Taa ifungwe kwa namna isiyoweza kuangukia majini.

Baada ya hapo ni matunzo. Chumvi hurukia lenzi na kioo na kukaukia hapo, na utando huo hula sehemu kubwa ya nuru bila kuonekana. Ufutwe kila wiki kwa kitambaa chenye maji safi, taa ikiwa imezimwa. Feni za LED zisafishwe vumbi. Tyubu za T5 zikifika wakati wake zibadilishwe moja moja kwa wiki, kwa sababu zikibadilishwa zote siku moja matumbawe yaliyozoea mwanga uliochoka hukutana na nuru ya ghafla na kupauka. Kila baada ya miezi sita PAR ipimwe tena kwenye sehemu zile zile za awali, na matumbawe yaliyokua na kufunika mengine yapunguzwe matawi, au yale ya chini yahamishiwe mahali penye nuru.